Kikohozi Kabla ya Pembe

Mjomba wangu aliniomba jambo moja tu maishani mwake, na lenyewe halikuwa la kumpa kitu bali la kutofanya kitu. Nilikubali upesi, kama mtu anavyokubali kuongezewa chai, na kabla mwaka haujageuka nikawa nimelivunja. Tasnifu yangu ya uzamili iko kabatini hapa nyumbani, jalada jekundu, maandishi ya dhahabu mgongoni. Wageni huitoa, huipapasa, hunipongeza. Mimi mwenyewe siifungui, kwa sababu ukurasa wa shukrani umeanza na yeye.

Nieleze kwanza habari ya pembe, maana bila pembe hakuna tasnifu na hakuna kosa.

Kule Chome, juu karibu na msitu wa Shengena, hatukungoja mvua peke yake. Tulikuwa na ndiva, bwawa la mawe na udongo ambalo mababu walilijenga, mfereji ukalijaza usiku na asubuhi likafunguliwa, kila kaya ikamwagilia kwa zamu yake. Tope likijaa, au ukuta ukianza kuvuja, nguvu za mtu mmoja si kitu. Watu wote hutoka na majembe, na kazi hiyo ya pamoja ndiyo msaragambo. Anayewaita ni mpuliza pembe. Ilikuwa pembe ya tandala, nyeusi kwa moshi wa jikoni, na miaka yote niliyokuwa nakua ilitundikwa nyumbani kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Ikilia, unaacha ulichoshika. Usipotokea, jioni wenzako wanakuja kwako kuchukua sufuria, tena ile kubwa, na siku ya kwenda kuikomboa unapita njia ya nyuma.

Mjomba alikuwa na sheria moja: pembe hailii bure. Haikulia harusini wala sikukuu. Kuna mwaka alikuja mkubwa mmoja wa serikali, viongozi wetu wakataka alakiwe kwa pembe. Mjomba akawauliza ni ukuta gani umebomoka. Mgeni akalakiwa kwa vigelegele vya akina mama, akaondoka ameridhika, na pembe ikabaki ukutani.

Nilikua wakati wa shida. Duka la kaya lilikuwa na rafu na muuzaji, basi. Nguo tulifulia majani ya mpapai, na chai ya sukari tuliisikia kama watu wanavyosikia habari za Ulaya. Mjomba alikuwa na redio, ila betri zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo zile kuukuu alizianika juu ya bati mpaka zipate uhai wa taarifa moja ya habari. Mimi nilikuwa mbeba redio. Tulipanda naye mgongo wa mlima nyuma ya nyumba, mahali pa juu kabisa, kwa sababu pale mawimbi yalishika vizuri kuliko popote. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akashuka kuwasimulia majirani, na alikuwa haongezi neno. Naomba msomaji aukumbuke mgongo ule wa mlima.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Aliyenisomesha ni huyu mjomba, kwa maharage na kahawa aliyoishusha Same kichwani, kwa miguu, akirudi siku ya pili na viatu mkononi ili visichakae.

Nilipata nafasi ya kusomea uzamili wa mawasiliano ya umma nikiwa na miaka thelathini na kitu, mwalimu wa sekondari pale Same. Zilikuwa siku za ruksa. Mitumba ilikuwa imemwagika mpaka Same stendi, betri zimejaa madukani, na Dar es Salaam magazeti yalikuwa yametandazwa chini barabarani kama dagaa. Redio iliyokuwa moja ya taifa sasa ilikuwa na wapinzani. Kila mwenye mlingoti alitaka kusema. Darasani tulikuwa tisa. Kitabu cha nadharia kilikuwa kimoja, tukakipiga fotokopi mpaka herufi zikawa vivuli, lakini tulibishana kuhusu soko la habari kana kwamba tulikuwa na hisa.

Msimamizi wangu, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kamba, alikataa mada zangu mbili za mwanzo. Akasema anachoka na wanafunzi wanaotoka mashambani na kuja kuandika habari za New York. Ndipo nikamtajia pembe. Nilitaka kuchunguza kwa nini watu wa kwetu, ambao sasa wana redio, bado wanaiamini pembe kuliko redio. Aliinua uso. "La mgambo likilia lina jambo," akasema, akaiandika methali hiyo pembeni mwa karatasi yangu, na tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake mpendwa. Sikuzoea kupendwa na walimu. Ilinipanda kichwani.

Chuo kiliniazima kinasa sauti kizito kama tofali. Nikapanda Chome, nikamwamkia mjomba, nikamweleza shida yangu. Akasema karibu, siku kutakapokuwa na kazi nitairekodi. Nikamwomba basi apulize kidogo tu, polepole, ameelekea ukutani. Alinitazama mpaka nikajisikia mjinga.

Nilingoja siku kumi na mbili. Nilikula makande siku kumi na mbili na kuwahoji watu. Mama mmoja nilimkuta anapalilia. Nikamuuliza kwa nini anaiamini pembe. Akaniambia redio inasema mengi, pembe inasema moja. Sentensi hiyo niliipa ukurasa mzima wa uchambuzi, na yeye sikumpa hata nauli ya kushukia gulioni.

Siku ya kumi na tatu mvua ya msituni ilikuwa imeleta tope, mfereji umeziba. Mjomba aliitungua pembe, akasimama kwenye jiwe lililo kando ya migomba, akakohoa. Kilikuwa kikohozi kimoja, kikavu, cha kusafisha kifua. Alikohoa hivyo kabla ya kila mlio, na sisi watoto tulipokuwa tukimwigiza tulianza na kikohozi. Kisha akapuliza. Kabla sauti haijaisha bondeni milango ilikuwa inafunguka ng'ambo, watu wakiteremka na majembe, wengine wanatafuna bado. Nilisisimka mpaka machozi yakanitoka, na nisijifanye mtakatifu, katikati ya machozi yale nilikuwa nafikiria alama.

Jioni nikamchezea kaseti uani kwake. Niliongeza sauti, nikitaka asikie vizuri. Mara jirani yetu akatokea njiani, bibi ambaye shamba lake la maharage lilikuwa chini tu ya ndiva, jembe begani, tope la kazi ya mchana halijakauka miguuni. Mjomba akamwomba radhi, akamwambia ni mashine ya mpwa wake. Bibi alicheka, akasema alidhani ukuta umekwenda, akageuza njia polepole kwa ajili ya magoti. Mjomba hakucheka. Alingoja mpaka bibi alipopotea kwenye migomba.

"Hicho chombo wakisikilize walimu wako huko huko," akaniambia. "Kisilie mahali mtu wa huku anaweza kukisikia. Akija na jembe akakuta hakuna kazi, mara ya tatu haji."

"Nimeelewa, mjomba."

"Sikukuuliza kama umeelewa."

"Naahidi," nikasema.

Chuo kilikuwa kimetupa fomu za ridhaa. Mjomba aliweka dole gumba lake pale nilipomwonyesha. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika sharti, kwa hiyo ahadi ikabaki kati yetu wawili, bila karatasi. Na unajua nilifanya nini kabla ya kulala? Nilifungua daftari nikaandika kwamba sauti iliyorekodiwa imeleta itikio lilelile la sauti halisi. Ikaja kuwa sehemu ya sura ya nne. Yaani niliyaona madhara kwa macho yangu, nikayapa namba na kichwa cha habari.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja alikuwa anafanya kazi asubuhi kwenye kituo kipya cha redio. Alinisaidia kuhamisha kaseti ile kwa mitambo yao ili isichakae. Alipoisikia akavua vidude vya masikioni, akavivaa tena, akairudia. Akasema wanatafuta sauti ya kufungulia taarifa ya habari, kitu cha Kiafrika, siyo vinanda vya kuazima. Akasema pia kwamba kituo kinatafuta mkuu wa vipindi na bosi wake angependa kumjua mtu aliyeleta sauti kama ile.

Nilipaswa kusema hapana. Neno fupi, hata mtoto analiweza. Lakini nilikuwa mwalimu wa Same mwenye chaki kwenye mikono ya shati, na kwa mara ya kwanza mtu wa mjini alikuwa ananitazama kama mwenye mali. Nikamwambia kwa majivuno kwamba anayepuliza ni mjomba wangu. Akauliza kama kuna mtu atakayelalamika. Nikasema hakuna.

Nafsi yangu niliinyamazisha kwa hoja ya kisomi: kwamba milima ingezuia mawimbi. Mtu wa kijiji cha Kisiwani, kule chini ya milima, aliyezaliwa tambarare na ng'ombe wake, angeweza kukosea hivyo, nami ningemsamehe. Mimi nilikuwa mbeba redio. Nilijua kwamba kwetu, kadiri unavyopanda ndivyo redio inavyoshika. Nilijua, na nikajifanya sijui, na huo ndio uovu wangu wenyewe. Mengine yote ni matawi yake.

Siku ya kuitetea tasnifu nilivaa suti ya mtumba iliyonikaa vizuri sana. Mtahini mmoja aliniuliza kingetokea nini iwapo pembe ile ingetumika kwa mambo ya ovyo ovyo. Nikamjibu bila kusita kwamba imani ya wasikilizaji ingekufa, na ikifa haifufuki kwa amri. Wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Wakati huo pembe ya mjomba ilikuwa hewani kwa mwezi wa pili sasa, mara sita kwa siku. Nilipewa alama ya juu. Kazi ya ukuu wa vipindi akapewa mpwa wa mwenye kituo.

Nilirudi Same na nakala moja ya kumpelekea mjomba, nimeifunga kwenye khanga mpya ili isipate vumbi. Stendi, kwenye banda la mitumba, redio ilikuwa wazi. Nikasikia kikohozi. Halafu pembe. Halafu sauti ya mwanamke akisifia sabuni inayotoa povu jingi. Kumbe walikuwa wameitoa kwenye habari wakaipeleka kwenye matangazo. Kikohozi hawakukikata, labda walidhani ni sehemu ya muziki. Nilisimama pale na khanga yangu kifuani, na watu wakanipita.

Mama mmoja wa Chome, aliyekuwa anauza maharage pembeni, alinitambua. Akaniambia kwa utani kwamba pembe yetu imeajiriwa mjini. Ndiye aliyenisimulia. Mwanzoni watu walifurahi, walioweza kununua redio mpya wakaziweka madirishani na sauti mpaka mwisho. Watoto wakaicheza. Lakini bibi yule jirani wa mjomba, ambaye masikio yake hayakujua kutofautisha, alikwenda ndivani na jembe lake mara tatu. Mara ya tatu alikaa kwenye ukuta wa ndiva peke yake mpaka jua likawa kali, kisha akarudi nyumbani, na hakuitikia tena. Wengine nao wakazoea. Ikilia wanasema, hiyo sabuni.

Mama yule alikuwa akicheka aliposimulia hayo. Alipofika kwenye habari ya ukuta kubomoka alikuwa hacheki tena.

Nilipanda Chome kesho yake juu ya magunia ya unga, na kabla ya kufika kwa mjomba nikapita ndivani. Pengo lilikuwa upana wa nyumba. Ndani ya bwawa kulikuwa na tope lililopasuka na mbuzi wawili wanakula majani. Wiki tatu nyuma ukuta ulianza kuvuja asubuhi, mjomba akapuliza. Akangoja, akapuliza tena, mpaka midomo ikavimba. Wakaja watu watano. Watano hawawezi kuzuia ukuta. Maji yalishuka yakazoa maharage ya bibi yule pamoja na udongo wake, yakaacha mawe meupe niliyokuwa nayaona kwa mara ya kwanza maishani.

Mjomba alikuwa ameketi uani anachambua mbegu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri kabisa, akaniulizia safari, akaniletea uji. Nikafungua khanga. Aliishika tasnifu kwa mikono miwili, akaipima uzito, akapitisha kidole kwenye dhahabu. Akauliza yeye yuko wapi humo ndani. Nikamwonyesha. Kilikuwa Kiingereza kitupu. Akaniomba nimsomee kwa lugha ya watu.

Nikatafsiri kwa kigugumizi: kwamba mpuliza pembe huyu hajawahi kuipuliza bila sababu, ndiyo maana wakazi huitikia bila kuuliza.

"Uliandika lini?"

"Mwaka jana, mjomba."

"Basi ilikuwa kweli," akasema, akaifunga.

Kisha, bila kupandisha sauti, akauliza pembe ilifikaje redioni. Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa mbele yangu. Ningeweza kupiga magoti. Badala yake nikasema mjini siku hizi kuna vituo vingi, watu wanarekodi ovyo, pembe za tandala zinafanana, huwezi kujua. Nilisema hayo yote nikiwa na shahada ya uzamili ya mawasiliano. Mjomba aliendelea kuchambua mbegu.

Sisi Wapare tunataniwa nchi nzima kwa kupenda kesi. Wanasema Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Nilingoja mjomba aniite mbele ya wazee wa ukoo. Ningefurahi. Ningetozwa mbuzi, ningetukanwa kidogo, tungekula mbuzi yule pamoja, yakaisha. Hakuniita. Mpare asipokushitaki, ujue umemuumiza mahali ambapo kesi haifiki. Niliporudi Same nilimwandikia barua yule mwenzangu wa redioni nikimwomba waiondoe. Hakujibu. Waliiondoa wenyewe baadaye sana, sabuni ile ilipoacha kuuzwa.

Lakini hiyo ni mbele. Asubuhi iliyofuata mjomba alivaa viatu, vile vya kubebwa mkononi. Ukuta ulitakiwa kujengwa upya kabla ya vuli, na watu walitakiwa kuitwa. Pembe ilikuwa ukutani mahali pake. Hakuigusa. Akatoka, nikamfuata.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Anagonga, anaamkiwa, anasema msaragambo ni keshokutwa asubuhi, lete jembe, anaaga. Kutoka nyumba moja hadi nyingine kwetu ni kushuka bonde na kupanda bonde, na mwanamume huyu alikuwa na umri wa kukaa uani na kuletewa habari. Kazi ambayo pumzi moja ilikuwa ikiifanya ilimchukua siku nzima. Nilijitolea niende ng'ambo kwa niaba yake, akasema mimi hawataniitikia.

Kwenye nyumba ya saba au ya nane redio ilikuwa dirishani. Mjomba alikuwa ameshainua mkono agonge. Redio ikakohoa.

Akashusha mkono. Alisimama wima, akaingoja pembe ilie mpaka mwisho, kama tunavyomngoja mkubwa amalize kusema. Yule mwanamke akasifia povu. Ndipo mjomba akagonga.

Mwenye nyumba akatoka akijifuta mikono, kijana aliyesoma darasa moja na mdogo wangu. Akatusalimu wote wawili kwa heshima, akasikiliza ujumbe. Akasema atakuja. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, mbona mzee anajitesa kutembea, pembe iko wapi.

Mjomba hakunitazama.

"Nilimpa mpwa wangu akasomee," akasema. "Hajairudisha."

Kijana alicheka kidogo, akinitazama mimi, akidhani ni utani wa mtu na mpwa wake. Mjomba akamuaga. Akakohoa, kile kikohozi kimoja kikavu, akashika njia ya nyumba inayofuata, nami nikamfuata nyuma.